Baka la Shavu la Kushoto

Siku ya kwanza ya darasa la kuchora, Tabasamu alichora birika, na darasa zima likamcheka.

Walikuwa watu kumi na wawili, wameketi nusu duara, kila mmoja na ubao wake magotini. Katikati paliwekwa meza, na juu ya meza birika la bati jeupe lenye mfuniko uliochubuka rangi. Mwalimu, msichana mdogo kuliko hata binti yake Tabasamu, nywele kazibana kwa penseli, alitoa agizo moja tu: "Chora unachokiona. Usichore unachokijua." Tabasamu akajisemea moyoni, hilo tu? Miaka thelathini na minne alikuwa ameshika penseli kila siku ya Mungu. Akainama, akachora kwa madaha, mara mojamoja akimtupia jicho la huruma jirani yake, dereva mstaafu wa malori, ambaye birika lake lilikuwa limeota kibiongo.

Baada ya dakika arobaini mwalimu alianza kuzunguka. Alipofika nyuma ya Tabasamu alisimama, akalaza kichwa upande huu, akakilaza upande ule.

"Mzee, mistari yako inapendeza kweli," alisema. "Lakini mbona birika limeungua?"

Ni kweli, lilikuwa limeungua. Pale ambapo mwanga wa dirisha ulilipiga birika likang'aa, Tabasamu alikuwa amesugua penseli mpaka karatasi imekuwa nyeusi tii. Pale penye kivuli, chini ya mkono wa birika, alikuwa amepaacha peupe pee. Umbo lilikuwa sawasawa, ila mwanga ulikuwa kama shati lililovaliwa ndani nje. Dereva alichungulia akaangua kicheko, wengine nao wakaja kuchungulia wakacheka, na Tabasamu naye akacheka ili asionekane amenuna. Ndani yake alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na ubao wake. Alijua papo hapo alichokosea, na hakutaka kumwambia mtu.

Alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara: pazia la buluu la kusimama mbele yake, kiti cha kuzunguka, taa mbili, na kwa nyuma chumba cha giza cha kusafishia picha. Jina lake la kuzaliwa wateja walishalisahau. Walimwita Tabasamu kwa sababu ndilo neno alilolitamka kila alipotaka kubonyeza. Enzi hizo picha ilianzia kwenye negativu, kile kipande cha filamu ambacho kila kitu huwa kinyume, cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe. Mteja akiwa na chunusi au kovu, kwenye negativu doa hilo hutokea kama kitobo cheupe. Basi Tabasamu alikuwa akiilaza negativu juu ya kioo chenye taa kwa chini, anachonga penseli mpaka ncha inakuwa kama sindano, kisha anakijaza kile kitobo kwa vijistari vidogo vidogo, vyepesi, mpaka kinazibika. Picha ikija kutoka, doa halipo. Kwa hiyo katika mkono wake kutia penseli kulikuwa ni kuleta weupe, na mkono haukuwa umeambiwa kwamba kazi ile ilishakwisha.

Na alikuwa fundi hasa, tusimnyime haki yake. Mabibi harusi walipita studio tatu kumfuata yeye. "Kwangu hatoki mtu mbaya," alikuwa akijigamba, na watu wakaichukulia kuwa ni ahadi, wala hawakukosea. Kisha simu zikaja, kila mtu akawa studio yake mwenyewe, na pazia la buluu likaishia kufunikia maboksi. Tabasamu akabaki nyumbani anahamisha rimoti kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Mkewe alikuwa ameshafariki. Aliyebaki naye ni binti yao wa pekee, muuguzi katika zahanati, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja asiyependa maneno mengi, na ndiye aliyemwandikisha darasa la Jumamosi katika kituo cha watu wazima.

"Baba, utaota ukungu humu ndani," alimwambia. "Nenda ukachore."

Binti huyu alizaliwa na baka. Lilianzia chini ya sikio la kushoto, likateremka shavuni, likagusa pembe ya mdomo. Lilikuwa jeusi kuliko ngozi yake yote, na ukingo wake umekatikakatika kama karatasi iliyochanwa kwa mkono. Kila mtu mtaani alilijua. Lakini ukiingia sebuleni kwao, ukutani kulikuwa na picha kumi na tatu za mtoto huyo, moja kwa kila mwaka, tangu yuko wa kubebwa mpaka amekuwa msichana wa miaka kumi na tatu, na hakuna hata moja yenye baka. Baba yake alilifuta kila mwaka, kwa uangalifu kuliko alivyowahi kumfanyia mteja yeyote. Mkewe alimwambia mara moja tu, "Mtoto ana uso mmoja, mwachie." Alimjibu kwamba yeye hajui mambo ya picha. Hapa ningependa kumtetea, maana ni mtu mwema, lakini sina la kumtetea.

Mwaka wa kumi na nne msichana alikataa kukaa kwenye kile kiti. Hakugomba. Alisema tu kwamba picha zilizopo zinatosha. Tangu hapo yule wa ukutani akapata jina, akaitwa Dada. "Dada hajambo leo?" binti alikuwa akiuliza anapopangusa vumbi kwenye vioo. "Mwone Dada, hazeeki." Tabasamu alicheka kila mara. Miaka yote hiyo alidhani ni utani wa nyumbani.

Darasani alijikaza. Kwenye ukingo wa ubao wake aliandika kwa herufi ndogo, "Cheusi ni cheusi," na kila mara mkono ulipoanza kukimbilia penye mwanga, aliyasoma maneno yale akaurudisha. Alichora kiatu. Alichora kitunguu kilichokatwa, akatokwa machozi kama wenzake. Kufikia wiki ya tano birika lake lilikuwa haliungui tena, na dereva, ambaye vitu vyake viliendelea kuota vibiongo, alianza kumwita fundi. Tabasamu akaanza kuingia darasani kifua mbele.

Wiki ya sita mwalimu alileta mtu wa kuchorwa. Alikuwa dobi wa mtaa wa pili, mama wa makamo, aliyekubali kukaa saa nzima kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, ilikuwa mara yake ya kwanza kuombwa asifanye kazi. Alikuwa na kovu la maji ya moto, limepanda kutoka shingoni mpaka kwenye taya. Mwalimu alikuwa na kanuni yake moja: mchoro wa mtu haujaisha mpaka mwenyewe autazame, na akijiona, aandike chini kwa mkono wake, "Huyu ni mimi." Asipojiona haandiki, wala halazimishwi.

Tabasamu alichora siku ile kama aliyepandwa na kitu. Kivuli kilikaa kwenye kivuli na mwanga kwenye mwanga. Macho, pua, ile mikunjo ya kicheko ambayo dobi alikuwa nayo hata asipocheka, vyote alivipata. Mchoro wake ulishinda yote mle chumbani, na alijua. Dobi aliposimama mbele yake alianza kutabasamu, kisha tabasamu likakwama njiani.

"Kaka yangu, na kovu langu umelipeleka wapi?"

La kuchekesha, kama lipo la kuchekesha, ni kwamba Tabasamu hakuwa ameamua kuliacha. Saa nzima alikuwa amelitazama, na mkono ukaliruka tu kama mtu anavyoruka dimbwi huku anaendelea na mazungumzo yake.

"Nilikuwa sitaki... sikutaka kukuaibisha, mama."

"Nani kakwambia linaniaibisha?" Dobi hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Nina miaka ishirini nalo. Naliosha, nalipaka mafuta, naenda nalo kila mahali. Mwenye aibu hapa ni wewe, kaka, si mimi."

Akamrudishia kalamu bila kuandika. Akahamia kwa dereva, ambaye alikuwa amechora kitu mfano wa gunia la viazi, lakini gunia lenye kovu, tena upande wake hasa. Dobi alicheka mpaka akashika kiuno. "Shingo umeninyima, lakini huyu ni mimi," alisema, akaandika kwa herufi kubwa.

Watu walikuwa wanakusanya penseli zao mwalimu alipotoa kazi ya mwisho. Kila mmoja amchore mtu wa nyumbani kwake, mtu mwenyewe akiwa amekaa mbele yake, si kwa kuangalizia picha. Jumamosi ijayo michoro itatundikwa ukumbini watu waje waione. Itakayokuwa na yale maneno matatu ndiyo itakayotundikwa, na isiyokuwa nayo itarudi kwa mwenyewe. Mwalimu hakumtazama mtu yeyote alipokuwa akisema hayo, lakini Tabasamu alihisi anaambiwa yeye. Nyumbani kwake kulikuwa na mtu mmoja tu.

Njiani aliona haya hata kuinua uso. Maneno ya dobi yalikuwa yamefukua siku moja aliyoizika zamani. Binti yake alikuwa na miaka tisa, amekaa kwenye benchi la wateja anafanya kazi za shule. Tabasamu alikuwa nyuma ya pazia la buluu, anafunga balbu mpya. Mteja mmoja akaingia, akaitazama picha kubwa iliyowekwa dirishani kuvutia watu, akamtazama mtoto, akauliza, "Huyu mrembo hapa ni nani?" Tabasamu alisikia. Angeweza kutoka. Angeweza kusema, ni huyo huyo, ni mwanangu, ni mimi niliyemchezea uso. Alibaki na balbu yake mkononi. Na mtoto akajibu kwa sauti ya adabu kabisa, "Ni dada yangu."

Hakuwa na dada. Tabasamu alitoka mteja alipokwisha kwenda, akajitia hamnazo, akamuuliza mtoto amefika wapi na kazi zake. Mtoto akasema amebakiza mbili.

Siku nne alilitafuna jambo lile bila kulimeza. Asubuhi, wanapokunywa chai, alianza kumwibia binti yake macho, kujaribu kuona kama ataweza kutazama pale bila jicho kuteleza. Jumatano binti alimfuma.

"Vipi, Baba? Nina kitu usoni?"

"Hapana," Tabasamu alijibu haraka. "Hakuna kitu."

Akainamia kikombe chake, masikio yanamwaka moto. Hata kwa mdomo alikuwa amelifuta.

Alhamisi mchana binti alikuwa na mapumziko, amesimama sebuleni anapiga pasi sare yake nyeupe. Tabasamu alikuja na ubao kwapani, akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Mwanangu, tumepewa kazi darasani. Nimchore mtu wa nyumbani."

"Mchore Dada," binti alisema bila kuinua uso. "Huyo hachoki kukaa."

Tabasamu alianza kucheka, kwa mazoea. Akakisikia kicheko chake kiko peke yake chumbani, akakikata.

"Sitaki kumchora huyo. Nataka nikuchore wewe."

Binti aliisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani, akamtazama baba yake kwa jicho lile analomtazamia mgonjwa anayeapa kwamba dawa amemeza.

"Utaweza, Baba?"

"Sijui."

Nadhani ni hilo "sijui" lililomkalisha. Angesema ataweza, binti angerudi kwenye pasi yake. Alivuta kiti mpaka dirishani, akakaa, kisha akaugeuza uso taratibu, ule upande wa kushoto ukaelekea kwenye mwanga.

Tabasamu alianza na vya rahisi. Alichora nywele, paji la uso, nyusi. Alichora jicho na pua, akavichora vizuri. Alichora shingo na kola ya gauni, na kifungo cha kola, na uzi wa kifungo. Karatasi ilijaa pande zote isipokuwa shavu. Shavu lilibaki jeupe na safi, kama la Dada.

"Mbona unazungukazunguka?" binti aliuliza. "Si nimekaa kwa ajili ya hapo?"

Akachonga penseli. Aliichonga mpaka ncha ikawa kama sindano, maana hakujua namna nyingine ya kupakaribia pale. Mkono ukashuka chini ya sikio ukaanza vile vijistari vidogo vidogo, vyepesi, kimoja kando ya kingine. Ulijua njia. Ulikuwa umeipita mara kumi na tatu, kila kona ya ukingo ule, kila pale ulipoingia ndani na pale ulipotoka. Hakuna mtu duniani aliyelijua baka lile kama yeye. Lakini zamani kila kijistari kilikuwa kinaliondoa, na sasa kila kijistari kilikuwa kinalileta. Likaanza kutokea kwenye karatasi chini ya vidole vyake.

Binti alijiinua kidogo akachungulia.

"Hapana, Baba. Umefika mdomoni. Nitazame."

Tabasamu aliinua macho. Alikuwa anachora baka la mtoto wa miaka kumi na tatu. Uso ulishajaa na kurefuka, na baka halikugusa tena pembe ya mdomo, lilikomea upana wa kidole kabla yake. Tena katikati palikuwa na sehemu mbili zilizopauka, ambazo hakuwahi kuziona, na alikuwa anakula naye meza moja kila siku. Alichukua kifutio, akakishika tu, akashindwa kukishusha.

"Nifute hapa kidogo?"

"Futa. Hapo hapana kitu."

Akafuta, akarekebisha. Binti alikuwa hatazami tena dirishani, alikuwa anautazama mkono.

"Ndivyo ulivyokuwa ukiliondoa? Kwa hivyo vijistari?"

"Hivi hivi."

"Ilikuwa inakuchukua muda gani?"

"Siku mbili. Mteja wa kawaida, nusu saa."

"Siku mbili," binti alirudia. "Kila mwaka, siku mbili nzima, unaliangalia hilo tu. Kwa nini, Baba?"

Majibu alikuwa nayo. Alikuwa nayo kwa miaka mingi, yamenyooshwa yamekunjwa: nilitaka upate picha nzuri, watu wana midomo, ulikuwa mdogo usingeelewa. Alifungua kinywa ayatoe, akaona hakuna hata moja linalofaa.

"Niliona aibu," alisema. "Si aibu ya kukuonea wewe huruma. Aibu yangu mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema kwangu hatoki mtu mbaya, na wewe umetoka kwangu." Aliinua macho akamtazama. "Na siku ile uliyosema ni dada yako, nilikusikia. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia yote nikanyamaza."

Nje mtu alikuwa anaburuta geti la duka, likalia mpaka likafika mwisho.

"Najua," binti alisema. "Niliviona viatu vyako chini ya pazia."

Tabasamu aliweka penseli chini akalia, mtu mzima yule, mvi zote zile kichwani. Miaka ishirini na miwili alidhani aibu ile ni siri yake, kumbe mtoto wa miaka tisa alikuwa ameibeba naye, na alikuwa amejibu vile akijua kabisa nani anamsikiliza. Alikuwa amempa nafasi ya kutoka nyuma ya pazia. Binti hakumbembeleza. Aliinuka, akaenda ukutani, akaitungua ile picha iliyokuwa dirishani mwa studio, akaigeuza mgongo. Akaokota penseli ya baba yake, ile ile yenye ncha ya sindano, akaandika nyuma ya fremu kwa mwandiko wake wa kujazia kadi za wagonjwa: "Huyu si mimi." Kisha akaitundika tena kwenye msumari wake, akaisawazisha isiende upande. Dada akaendelea kutabasamu.

"Usimtoe," alisema. "Akae hapo hapo, uwe unamwona."

"Nitamwona," alijibu baba yake.

Binti alirudi kwenye kiti, akaugeuza tena upande wa kushoto kwenye mwanga, akamnyooshea penseli. Tabasamu alijifuta macho kwa mkono wa shati, akaipokea. Aliutazama mchoro, akautazama uso, akarudi kwenye mchoro.

"Na huu?" aliuliza kwa woga, akiuonyesha kwa kidevu. "Huu utauandika?"

"Umalize kwanza, Baba. Sikio bado."